Mkono Uliolala Chini ya Shavu

Kalolaine alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya akiolojia alipokuja kuchimba kisiwani kwao, Tongatapu. Si kila mwanafunzi hupata bahati hiyo, kama ni bahati. Alipoondoka kwenda New Zealand kusoma, shangazi yake Vaisima alimfunga kiunoni mkeka wa heshima aliomsukia mwenyewe, akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, lakini hakumsamehe.

"Wenzako wanasoma uuguzi, wawaponye walio hai," alisema. "Wewe unakwenda kujifunza kuwasumbua waliokwisha kulala."

Sasa amerudi na darasa zima, na mwalimu wao Daktari Hollis, kwenye kilima kidogo cha makombe ya baharini kando ya wangwa, pale nguruwe wa kijiji wanapofukua kaa maji yakishatoka. Wazee walikuwa wamekubali kwa masharti. Mifupa ikionekana ichorwe pale pale kilimani, na Jumamosi irudi mchangani kwa sala. Tena asiiguse mtu ila Kalolaine, maana ukoo wa baba yake ndio uliokuwa ukizika wakubwa hapo zamani.

Mifupa ikaonekana. Mtu mzima, amelala ubavu, mkono wa kulia chini ya shavu, vidole vimekunjwa kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kalolaine aliisafisha kwa brashi na kijiti cha mwanzi, kisha akautoa mkono ule shavuni, mfupa mmoja mmoja, akaupanga juu ya kitambaa ili auchore kesho yake. Mchoro huo ndio uliokuwa mtihani wake wa mwisho. Bila mchoro, hakuna shahada.

"Nawa, tukale," alisema mwalimu. Kalolaine akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akamega kiazi kikuu, akala.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo mgeni hawezi kulifanya hata akitaka, maana mwiko si wake. Aliyemshika maiti mikono yake ina mwiko. Hajilishi, hulishwa, mpaka mkubwa wake amfungue. Kalolaine alilijua hilo tangu utotoni. Ila kule chuoni alikuwa ameshika mifupa mingi ya masandukuni, akala mkate wake baadaye, na hakikutokea kitu.

Asubuhi aliamka mkono wake wa kulia uko chini ya shavu. Hakuwa na mazoea ya kulala hivyo. Na vidole vilikataa kunyooka.

Akakaa ukingoni mwa shimo na penseli. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Sateki, mwanafunzi mwenzake kutoka kisiwa cha Vavau, alikuwa akimtazama.

"Dada, umeulalia mkono?"

"Labda."

"Au mkono ndio umekulalia wewe." Akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Jana nani alikulisha?"

Kalolaine alikuwa akiutazama mkono wa kwenye kitambaa, kisha wake. Mkunjo ulikuwa ule ule, hata kidole kidogo kilivyojificha chini ya mwenzake.

Daktari Hollis alisema ni mishipa imechoka, apumzike, mwingine atachora.

"Na nani ataigusa mifupa?" aliuliza Kalolaine.

Mchana alikwenda kwa shangazi. Shangazi ni mkubwa hata kuliko baba, na nyayo zake, ukizigusa, ndizo zinazofungua mwiko. Vaisima alikuwa chini, anasuka majani ya mkadi. Hakuinua macho.

"Umekula kwa mkono huo."

"Nimekula, shangazi."

"Na sabuni ya wazungu haikukufaa?"

"Haikunifaa."

"Angalau inanukia." Akaweka majani kando, akanyoosha miguu. "Haya, gusa nyayo uondoke na wepesi wako. Ila ukifunguliwa umefunguliwa. Yule wa mchangani humshiki tena, wala mwingine yeyote. Nenda kasome uuguzi."

Kalolaine akapiga magoti. Nyayo zilikuwa karibu, kavu, zimejaa nyufa. Mkono wake ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Shangazi, ule mkono wake nimeutoa mimi shavuni. Nisipourudisha mimi, atalalaje?"

Vaisima akairudisha miguu chini ya sketi.

"Mjinga wewe. Mjinga kama baba yako." Akavuta sahani ya majani ya jimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, akamega tonge. "Fungua mdomo."

"Wewe unilishe mimi? Shangazi, watu wataona!"

"Wataona nini? Fungua, tui linanidondokea."

Basi akalishwa kama kinda, na mkubwa wake, jambo ambalo kijiji kizima kilikwenda kulichungulia. Akachora kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka, kila mfupa mahali pake. Jumamosi, sala ilipokwisha, alishuka shimoni akaurudisha mkono ule chini ya shavu la yule aliyelala. Alipopanda juu, vidole vyake vilikuwa vimeanza kulegea.

Shahada aliipata. Mwalimu aliandika kwamba mistari ni ya mtu mwenye hofu, lakini kosa halimo.

Mpaka leo anachimba, na hajafunguliwa. Akitoka kuchimba hali kitu mpaka alishwe, na shangazi, ambaye sasa macho yamemwishia, humpaka tui puani na kumgombeza kwa kutotulia. Kidole kidogo hakikunyooka tena. Na kila asubuhi Kalolaine huukuta mkono uko shavuni. Huutoa polepole sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe.