Ukanda wa Miti Kando ya Mto

Mwaka wa mvua kubwa, kabla mto haujafurika, baba na kaka yangu walikuwa wakigombana kila siku. Shamba letu lilikuwa upande wa Idsowe, na kati ya mahindi na Mto Tana palikuwa na ukanda wa msitu. Baba alikuwa mchonga mitumbwi. Akikata mkuyu mmoja aliutumia mpaka matawi, kisha akakaa miaka asiguse mwingine, huku akipalilia miche. Kaka aliona huo ni upuuzi. Mfanyabiashara wa mbao wa Garsen alitaka kununua miti yote.

"Tukifyeka tutapata na shamba jipya," kaka alisema.

"Na mto utauzuia kwa kitu gani?" baba akamuuliza.

"Mto uko palepale tangu nizaliwe."

"Uko pale kwa sababu miti ipo."

Baba alipoenda matangani Minjila, kaka alileta watu wenye msumeno wa injini. Niliusikia mngurumo nikiwa shambani, nikakimbia. Nilikuta nusu ya msitu, ile ya upande wa nyumba ya kaka, imelala chini. Nikaukumbatia mkuyu uliofuata.

"Dada, toka hapo, nisije nikakuumiza," mwenye msumeno alisema.

"Niumize basi."

Kaka alinitazama kwa hasira, akageuka, akawaambia waache. Baba aliporudi alitembea kati ya visiki, akikigusa kimoja kimoja. Siku zile yeye na kaka hawakula pamoja.

Kisha mvua ikashika. Barabara ikakatika, lori la mbao halikufika. Mto ulipanda hadi ukingoni, ukaingia mashambani. Asubuhi moja tulisikia mshindo. Penye visiki, kipande cha ukingo kilikuwa kimeporomokea majini, na maji yakapenya kuzunguka nyumba ya kaka. Mkewe alikuwa ndani na mtoto mchanga. Kaka alikuwa huku kwetu, akataka kujitosa. Baba akamshika shati.

"Utakufa bure. Ingia mtumbwini."

Hawakukatisha palipo wazi, maji pale yalikuwa yakichemka. Walipita ndani ya msitu uliobaki, ambako mkondo ulikuwa mpole, wakivuta mtumbwi kwa kamba kutoka shina hadi shina. Mimi na mama tulibaki kwenye kichuguu, tukiona vichwa vyao vikipotea na kutokea. Ukuta mmoja wa nyumba ulianguka tukiwa tunatazama. Mama alifumba macho. Mimi sikuweza.

Mtumbwi ulirudi na watu wanne. Wifi alikuwa amembana mtoto kifuani hata vidole vikawa vyeupe. Kaka alikaa matopeni, akalia kwa sauti mbele yetu sote.

Maji yalipopungua, ukingo wenye miti ulikuwa mzima, umeongezewa udongo mweusi. Ule mwingine uliondoka na robo ya shamba. Magogo machache yalikuwa yamenaswa kwenye vichaka. Kwa hayo baba na kaka wakajenga nyumba mpya, mbali na mto, wakizungumza habari za vipimo tu.

Baadaye kiangazi kikali kilituingia. Nyanda zikakauka, lakini chini ya mikuyu palibaki ubaridi na majani. Wafugaji walikuja kuomba ng'ombe wao wapumzike kivulini. Kaka ndiye aliyewapokea.

"Karibuni, ndugu zangu," alisema. "Ila mbuzi wasifike kule. Kuna miche nimepanda."