Kitabu Kabla ya Kahawa

Wiki iliyopita nilikwenda Azaiba, mtaa wa hapa Maskati, kumtazama binti wa kaka yangu. Nilimkuta sebuleni, simu iko juu ya meza, sauti zinatoka moja baada ya nyingine: jamaa wa Unguja, jamaa wa Mombasa, wifi yake wa Sohar. Kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya mtoto wa binti huyo, wa miaka minane, ambaye daktari amekwisha kueleza kuwa ana disleksia. Akili anayo tele, ila herufi hazimtulii. Mmoja alisema mtoto anyang'anywe michezo. Mwingine alisema apelekwe kwa mwalimu mkali. Wa tatu, kwa upole ulionikera kuliko ukali wote, akasema, "Na hicho Kiswahili chenu mkiache, mwanangu. Ndicho kinachomchanganya."

Maneno hayo nayajua. Niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu mtaa wa Mawaleh, na mpaka leo sijayasamehe.

Nyumba yetu ungeijua kwa harufu. Soko la matunda na mboga halikuwa mbali, na upepo ukigeuka zilitujia harufu za maembe yaliyoiva kupita kiasi na majani ya vitunguu yaliyolowa. Ndani, asubuhi, ilikuwa iliki, na mafuta yanachemka, na bibi anakaanga mandazi huku akizungumza bila kukoma. Bibi, mama yake baba, alikuwa na Kiarabu cha kusalia na cha kununulia samaki, basi. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, na kwa kuwa baba alishinda gerejini, mtaa wa Ghala, na mama alikuwa na shughuli zake, msikilizaji wake nilikuwa mimi.

Sikuweza kusoma. Be, te na the za Kiarabu zina umbo moja. Zinatofautiana kwa nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Kwangu nukta hizo hazikukaa mahali pamoja. Nilizihesabu, nikainua macho, nikirudi zimehama. Wakati ule shida hiyo kwetu haikuwa na jina, na kitu kisicho na jina kila mtu hujipa haki ya kukitibu. Mwalimu alisema mimi mvivu. Jirani alileta kombe, sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani kisha ikasuuzwa, nikanywa maji yake. Rafiki yake mama aliagiza nilishwe vichwa vya samaki, nikalishwa mwezi mzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaona nini. Walikula halwa yetu, wakanywa kahawa yetu, wakanijadili huku mimi ndiye ninayewapitishia lozi, kana kwamba asiyejua kusoma hasikii pia.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Baba alikuwa mpaka rangi wa magari, kwa hiyo msasa haukukosekana nyumbani. Mama alikata herufi za msasa, akazibandika juu ya vifuniko vya maboksi ya viatu, nikawa nazipitia kwa kidole nimefumba macho. Kazi ilikwenda polepole mno, na kila wageni walipouona mwendo huo waliongeza ushauri.

Ndipo mama alipotunga sheria. Mgeni alipoanza tu "mngemfanya hivi," mama alisogeza birika la kahawa nyuma ya mto, akachukua kitabu changu, akakiweka mapajani mwa mgeni. "Mfundishe ukurasa mmoja," alisema. "Kahawa itakuja baadaye." Unajua mwenyewe, Maskati, kumchelewesha mgeni kahawa ni jambo gani. Jirani alifika mstari wa pili akakumbuka kuwa ameacha chungu motoni. Rafiki yake mama hakuonekana tena siku za Ijumaa, siku ya wageni kwetu.

Alibaki ami, kaka mkubwa wa baba. Alikuwa na cheo serikalini, na neno lake kwa baba lilikuwa amri. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, ameshaamua kuwa Kiswahili ndicho kinachonichanganya.

"Kuanzia leo humu ndani Kiarabu tu," alimwambia baba. "Mtoto asisemeshwe Kiswahili na mtu yeyote. Hata na Mama."

Bibi alikuwa pale pale mkekani, anachagua mchele. "Hata na miye?"

"Ni kwa faida yake, Mama."

"Na miye nisemeshane na nani? Na paka?"

Baba akatazama zulia. Nilimjua akitazama zulia namna ile: amekwisha kukubali, anatafuta tu pa kuanzia kusema.

Mama akasogeza birika. "Shemeji, ukurasa wa sita."

Ami alicheka kwanza. Akakaa vizuri, kanzu imepigwa pasi ikanyooka kama karatasi, akaanza kwa Kiarabu cha ofisini, taratibu, wala si vibaya. Nikakosea. Akarudia. Nikakosea pale pale. Mara ya sita uso ulimbadilika, akaupiga ukurasa kwa kidole.

"Nukta moja! Iko chini! Huioni, weye? Chini!"

Kiswahili. Tena cha Unguja, kimenyooka.

Bibi hakuinua kichwa kwenye ungo wake. "Haya, Kiarabu tu," alisema. "Nnakusikiliza, mwanangu. Endelea."

Kaka yangu, aliyekuwa amekaa pembeni, aliangua kicheko. Ami alifunga kitabu, akatafuta makubadhi yake, na mlangoni akamwambia baba kuwa mkewe hana adabu. Hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Baba akarudi ndani, akalitoa birika nyuma ya mto, akamimina kikombe cha kwanza, akampa mama yake. "Kesho ntaleta msasa mwingine," alisema, kwa Kiswahili.

Nilianza kusoma barabara nikiwa na miaka kumi na miwili. Sitakudanganya kuwa ilikuja kwa ghafla au kwa raha. Hata leo nasoma nimeweka rula chini ya mstari.

Nyumba ya Mawaleh imebomolewa. Bibi na mama wametangulia, na zile herufi za msasa sijui ziliishia wapi. Wakati mwingine nawakumbuka hata wale wageni, na sisemi kwa mapenzi: walau walikuja wenyewe, wakawa na mapaja ya kuwekewa kitabu. Mtu aliye ndani ya simu utamwekea wapi? Na Kiswahili chenyewe, ambacho mama alikilinda kwa birika la kahawa, siku hizi ukiingia kwa jamaa zetu utawasikia wazee wanauliza kwa Kiswahili, watoto wanajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Hakuna ami aliyewakataza. Kimeondoka tu.

Binti wa kaka yangu alizima simu, akanigeukia. "Shangazi, weye wasemaje? Nimuachishe Kiswahili?"

Jibu nilikuwa nalo. Nina rafu mbili za vitabu juu ya jambo hili, vyote nimevisoma kwa rula yangu. Nikafungua mdomo: "Kwanza, mngempangia..."

Binti akasogeza birika la kahawa nyuma ya mto, akanyanyuka, akaleta kitabu. Kumbe baba yake alimsimulia sheria ya mama.

Nikatoa rula mkobani. Mtoto akaja, akakaa, akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wale wageni. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, anaona nini.

Akafikiri. "Zinatembea," akasema.

Tulimaliza mistari mitatu. Kahawa niliinywa baridi.