Chupa ya Pili

Buti zangu zilikuwa zimekaa uvunguni mwa kitanda miaka mingi, na siku niliyozivaa tena, soli ya kushoto ilibanduka kabla sijafika lango la shule. Nikaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikaendelea. Kurudi ndani sikutaka. Nyumba za walimu zina kuta nyembamba, na Jumamosi wenzangu wakishapanda gari kwenda Garissa, unasikia ukimya wa vyumba vyote kwa pamoja.

Zamani, kabla sijaletwa kufundisha huku Sangailu, mimi na mume wangu tulikuwa watu wa milima. Ngong, Longonot, Kilimambogo, popote palipo na njia ya kupanda asubuhi na kushuka kabla ya giza. Yeye alitangulia, mimi nikalalamika nyuma. Akaugua, tukaacha. Alipokufa niliomba uhamisho, na nilipoulizwa nataka wapi nikasema popote pasipo na mlima. Serikali nayo, mara mojamoja, husikia ombi la mtu. Huku ardhi imetandazwa kama mkeka.

Sasa nilitaka kutembea tena. Au niseme kweli: nilitaka kujua kama ninaweza kutembea mchana kutwa bila mgongo wake mbele yangu. Mwalimu mkuu hakupenda. Alinionya nisivuke lambo la pili la kunyweshea mifugo, nisiache simu, na jua likianza kuinama niwe nimegeuka. Nilimwitikia kama wanafunzi wanavyoniitikia mimi.

Kila Jumamosi nilifunga mkoba vilevile: chapati, chumvi kidogo, na chupa mbili za maji. Moja yangu, moja ya mume wangu. Sikupanga hivyo; mikono ilijaza ile ya pili kwa mazoea. Yangu iliisha njiani, yake nikairudisha nyumbani imejaa, maji yamepata moto karibu ya kutia majani ya chai. Kwa jua la huku huo ni ujinga, na mimi hufundisha sayansi. Lakini kuifungua nilishindwa.

Kuna jambo sikulijua. Huku mtu hatembei bure. Akionekana porini peke yake, hana mifugo wala kuni, basi amepotelewa na mnyama, na kila anayekutana naye humuuliza ni mnyama gani, dume au jike, ana alama gani. Si umbea. Anayeuliza amekubali kukusaidia kutafuta. Kila mchungaji niliyempita aliniuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, "Umeboteza nini, malimu?" Nami nikajibu sijapoteza kitu, natembea tu. Walinitazama kwa huruma, wakidhani Kiswahili ndicho kinachonipiga chenga.

Jumamosi moja mama mmoja mwenye mbuzi alinikuta chini ya mgunga karibu na lambo la pili, nikiikung'uta chupa yangu tone la mwisho. Alikuwa mtu mzima, mtandio wa kijani, sauti ya kuamuru. Akaiona chupa iliyojaa mkobani.

"Maji iko, na mdomo yako imekauka. Hii ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Bwana yako iko wabi?"

Sikuwa na nguvu ya hadithi ndefu. "Nilimpoteza," nikasema, kama tunavyosema kwetu tukiliogopa neno lenyewe.

Akashika mdomo. Akauliza kama ni mrefu au mfupi, amevaa nini. Nilidhani ananifariji, anataka kumjua, nikamwambia: mrefu, mwembamba, kofia ya bluu, akichoka anauburuta kidogo mguu wa kulia. Nikaanza kulia.

"Usilie," akasema. "Sisi tutatafuta."

Hata hilo nililichukulia kuwa ni Kiswahili cha kubahatisha. Katikati ya wiki mwenye duka akanipa pole, akasema habari za bwana wangu zimefika visimani. Kesho yake mzazi mmoja akaja shuleni kuniarifu kwamba mtu mrefu ameonekana upande wa Hulugho, ila kofia yake ni nyekundu. Hapo ndipo nilipofahamu. Pori zima lilikuwa likimtafuta mume wangu.

Ingefaa nicheke, au nikimbie kusahihisha. Niliketi tu ofisini na rundo la madaftari, na moyo wangu ulifurahi. Tangu azikwe nilikuwa nikimtazamia peke yangu, kila kona ya njia, na sasa watu wenye macho makali kuliko yangu walikuwa wakimtazamia pamoja nami. Furaha hiyo iliniuma kuliko msiba.

Jumamosi nikaenda lamboni. Yule mama alikuwa ametangulia, vumbi mpaka magotini, na akaanza kuniomba radhi. Wameuliza mpaka Ijara, wameuliza wenye ngamia, hakuna.

"Mama," nikasema, "alikufa. Alikufa kabla sijaja huku."

Akakasirika, hasira kamili.

"Inna lillahi! Malimu, mtu ya kufa hajabotea! Kaburi yake unajua?"

"Nalijua."

"Basi iko bale. Mbona unatafutisha watu?"

Mbuzi walikuwa wakinywa, wakisukumana topeni. Yule mama akakaa chini kando yangu, akainua viganja na kumwombea mume wangu kwa Kisomali, yeye asiyejua hata jina lake. Alipomaliza akasema, "Bole, dada. Bole sana." Tangu nifike Sangailu sikuwa nimepewa pole ya kifo kile, kwa kuwa hapakuwa na mtu niliyemwambia.

Kisha akavuta mkoba wangu, akaitoa ile chupa, akafungua kifuniko.

"Kunywa."

"Ni yake."

"Yeye hana kiu. Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa ya moto, yenye ladha ya plastiki, na niliyanywa yote huku nikilia mbele ya mbuzi. Yeye alingoja mpaka nikamaliza, akachukua fimbo yake, akawafuata wanyama wake.

Niligeuka jua lilipoinama, kama nilivyoagizwa. Mbele yangu njia ilikuwa tupu mpaka inapoishia machoni. Chupa mbili tupu ziligongana mkobani hadi nyumbani.