Eneo la Kazi la Simiyu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, sikuandika programu yoyote. Meneja wa Mifumo, mzee ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kuja kulima, aliniketisha mbele ya kompyuta akaniambia nifungue eneo la kazi. Nilidhani anazungumzia meza.

Alicheka, kisha akanieleza. Faili zote za programu hukaa kwenye hifadhi kuu, ndani ya seva ya ofisi. Kila mwandishi wa programu huchukua nakala na kuiweka kwenye folda katika kompyuta yake. Hapo ndipo anapobadilisha, anapojaribu, anapoharibu na kurekebisha. Akiridhika, anatuma mabadiliko hifadhini na wenzake wanayapata. Folda hiyo ndiyo eneo lake la kazi.

"Kabla hujatuma, kazi iko kwako peke yako," alisema. "Hata mimi siioni."

Wakati huo tuliandika programu za maghala ya mahindi. Umeme ulipotea mara kwa mara, na ukirudi, eneo la kazi lilikataa kufunguka, likidai kwamba tayari linatumika. Mashine ilikuwa imezimika kabla ya kuondoa kufuli, yaani faili ndogo inayozuia watu wawili kuingia kwa pamoja. Tulihakikisha hakuna mtu ndani, tukaifuta, tukaendelea. Utulivu niliujifunza hapo.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, kwenye kitengo kilichoandika programu za famasia za hospitali. Mkuu wa Kitengo alikuwa mama mwepesi wa kuamua, nami nilimpenda kwa hilo. Meza yangu ilipakana na ya Simiyu, baba mmoja wa Kabuchai asiye na maneno mengi. Alikuwa akiandika upya sehemu inayokokotoa dozi ya watoto kulingana na uzito wao.

Asubuhi moja akija kazini, pikipiki ikamgonga. Aliumia kichwa, akalazwa katika hospitali ya Lugulu. Wiki hiyo ofisi ilikuwa inapanga upya kompyuta zake, na fundi alikuwa ameshabadilisha jina la mashine ya Simiyu. Tulipojaribu kufungua eneo lake la kazi, likakataa. Ati ni mali ya mashine nyingine.

"Si ulifute tu, uunde jipya?" Mkuu aliniambia. "Chukua faili za hifadhini. Hospitali inangoja programu Jumatatu."

Ulikuwa ushauri wa kawaida. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapa watu wengi. Lakini Simiyu hakuwa ametuma chochote kwa siku kadhaa. Kuchukua faili upya kungefunika kazi yake, ipotee.

"Nipe mpaka mchana, Madam," nikasema. "Nataka kuona kama aliacha kitu."

Kwanza nilinakili folda yote kwenye diski ya pembeni. Kisha nikaijulisha seva jina jipya la mashine, ili ijue kwamba eneo ni lilelile. Likafunguka. Faili moja tu ilikuwa na alama ya kubadilishwa, nayo ilikuwa ya dozi.

Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu. "Afadhali. Basi itume."

Nikaisoma yote. Kwa macho yangu hesabu ilikuwa sawa, ila sikuweza kujua kama Simiyu alikuwa amemaliza. "Wacha nikamuulize mwenyewe," nikasema.

Mkuu aliitazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Haya. Enda na gari la ofisi."

Lugulu nilimkuta mkewe akimnywesha uji. Simiyu alinitambua, ingawa maneno yalimtoka kwa shida. Nikamwonyesha ukurasa niliouchapisha. Aliutazama muda mrefu hata mkewe akaniashiria nimwache apumzike. Nilipoanza kuukunja, akanishika mkono.

"Bado," alisema. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa... uzito. Mara mbili."

Ndipo nikaona. Sehemu ya juu ilikuwa imeshazidisha kwa uzito wa mtoto, na mstari ule ulizidisha tena. Mtoto angeandikiwa dawa nyingi mno. Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

Nilimpigia Mkuu kutoka barazani. Naye akapigia hospitali, wakakubali kuendelea kukokotoa kwa mkono kama walivyozoea. Mabadiliko ya Simiyu tuliyaweka rafuni, ndiyo sehemu ya seva inayotunza kazi isiyokamilika bila kuichanganya na ya wengine. Yalikaa huko miezi kadhaa. Aliporudi, aliyamaliza mwenyewe, polepole, nami nikimkagulia, na hospitali ikapata programu yake.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Tongaren. Vijana wa ofisi bado hunipigia simu: "Niaje Madam, eneo la kazi limegoma bana!" Nawaambia wanakili kwanza, kisha wamtafute mwenye kazi wazungumze naye. Wengine huona nawachelewesha. Programu nyingi nilizoandika zimeshaachwa, zikaja nyingine nzuri zaidi, na sisikitiki.

Siku ya kuniaga, wakubwa walinisifu kwa hotuba ndefu ambazo sizikumbuki vizuri. Simiyu alisimama mwisho. Hadi leo maneno humsumbua, kwa hiyo watu walimngoja.

"Madam alikuja kuniuliza," akasema, akaketi.