Jalaato Kabla ya Alasiri

Siku ile sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikakunja leso zilizokwisha kukunjwa, nikaenda dirishani, nikarudi. Baada ya sala ya alasiri ami yangu angekuja na mashahidi kuniuliza kama namtaka mwanamume aliyeniposa. Baba amefariki, kwa hiyo ami ndiye walii wangu, wa kuniozesha.

Mposaji ni mtu wa kwetu, kisiwa cha Kudha. Wazazi wake walikimbilia Mombasa wakati wa vita, naye siku hizi yuko Ulaya. Tulizungumza kwa simu, yaani yeye alizungumza. Sikumchukia. Sikumtaka tu.

Shida yangu ni kuona haya. Shuleni nilikuwa nalijua jibu na kulimeza. Na kwetu msichana akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, huhesabiwa amekubali. Binamu yangu aliulizwa akalia bila kutamka neno, na mashahidi wakatoka wakisema yale ni machozi ya furaha.

Shangazi, dada yake baba, ndiye peke yake niliyemwambia. Adhuhuri alimdanganya mama kwamba tunakwenda kununua ndimu, akanipeleka kwenye duka la jalaato nyuma ya soko. Jalaato ndiyo aiskrimu, hapa Kismayo wote tunaiita hivyo. Nilimwambia njiani kwamba tumbo limenifunga na chakula hakipiti. Akasema hiki si chakula.

Muuzaji aliniuliza nataka ipi. Nilinyoosha kidole. Shangazi akamzuia mkono.

"Ngoja, atasema mwenyewe. Huyu hata akifukuza kuku humwomba radhi."

Muuzaji alicheka. Nilisema "embe" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, naye akajaza kikombe.

Tuliketi upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Nyumbani barafu ilikuwa ya kuhifadhia samaki, na aliyeitia mdomoni aligombezwa. Labda ndiyo maana kijiko cha kwanza nilikishika kwa mashaka.

"Kula, mwanangu," shangazi alisema. "Hii haikulaliwa na nguru."

Nilicheka, na jalaato ikanidondokea kwenye mkono wa buibui. Baridi ilinipanda kwenye fizi mpaka nikafumba macho, kisha ukaja utamu. Nadhani mtu hawezi kuhangaika vizuri huku meno yanamuuma kwa baridi. Mabega yangu, ambayo tangu asubuhi yalikuwa karibu na masikio, yalishuka. Pumzi ilifika chini. Tumbo likafunguka. Hofu haikuondoka, ila ilisogea kando kidogo, nikapata pa kukaa.

Nilipomaliza niliinuka peke yangu, nikaenda kwa muuzaji, nikasema, "Niongezee ya embe." Alinisikia mara moja. Shangazi alikuwa analamba kijiko chake.

Tulirudi nyumbani bila ndimu. Adhana ya alasiri ilinikuta nikikunja tena leso zilezile. Nilikaa ndani ya chumba, mama ubavuni, nikasikia viatu vikivuliwa barazani. Ami alisimama nje ya pazia la mlango, akalitaja jina la yule mwanamume, akauliza kama nimeridhia.

Kukawa kimya. Nilisikia shahidi mmoja akianza kumshukuru Mungu. Ulimi wangu bado ulikuwa na utamu wa embe. Nilijiona nimesimama mbele ya muuzaji.

"Sitaki, ami."

Ami alikohoa. "Rudia, mwanangu, wasikie na hawa."

"Sitaki."

"Tumesikia," shahidi alisema taratibu. Wakanywa chai yao, wakavaa viatu, wakaondoka.

Mama hakunisemesha hadi magharibi. Nilizunguka ua, nikafagia tena. Alipokuja kuanua nguo alinishika mkono wa buibui, akalitazama lile doa la manjano, akauliza, bila kunitazama usoni, kama jalaato ya embe bado wanauza pale nyuma ya soko.