Fundi Cherehani na Binti Yake wa Mwaka wa Kwanza

Tangu mkewe afariki, fundi cherehani alikuwa akishinda mbele ya cherehani yake bila hata kutunga uzi. Binti yake, aliyeanza kusomea saikolojia chuo kikuu, alimletea kitabu.

"Baba, hii inaitwa sonona. Dalili zote unazo: hulali, huli, kazi huitaki."

Mzee alisoma ukurasa ule polepole. "Ni mimi mtupu," alisema. "Sasa wanasema nifanyeje, mwanangu?"

Binti alipekua mpaka mwisho wa sura. "Matibabu tutasoma mwaka wa tatu, baba."

"Haya. Soma tu, nitakusubiri."

Akairudisha mikono mapajani. Binti alivuta kigoda akakaa karibu naye.