Mama Visahani na Dada Yake Aliyeacha Kula

Pale maabara walimwita Mama Visahani, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuotesha seli za saratani kwenye visahani vya plastiki, kuzilisha, kuzihesabu, na kuzitia dawa ambazo watafiti walitaka kuzijaribu. Alianza kama mfagiaji. Maswali yake yalikuwa mengi mpaka mkuu wa maabara akachoka kumjibu, akampeleka kusoma.

Chakula cha seli zile kilikuwa maji mekundu yenye sukari. Seli za kawaida huila sukari hiyo taratibu. Za saratani huifakamia, kisha hutema asidi, na maji yakageuka manjano. Mwaka huo walikuwa wakijaribu dawa ya kukomesha ulafi huo, inayoziba njia ambayo seli huitumia kuichoma sukari. Visahani vilivyotiwa dawa vilibaki vyekundu siku hata siku. Mama Visahani alifurahi, na furaha hiyo akatoka nayo kazini.

Jumapili, mezani kwa dada yake, alisema kwa maringo kidogo, "Saratani inapenda sukari kuliko kitu kingine chochote. Sisi tunainyima."

Dada yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alikuwa ameanza matibabu ya saratani ya titi miezi miwili kabla. Siku hiyo alisukuma kando kikombe chake cha chai.

Wiki tano baadaye binti wa dada akapiga simu. "Mama mdogo, hospitali wamemrudisha mama bila kumpa dozi. Wanasema amekonda mno, hataihimili."

Mama Visahani alikwenda, akamkuta dada nyuma ya cherehani, gauni likimpwaya mabegani. Jikoni hakukuwa na sukari, wala mchele, wala tunda hata moja.

"Unakula nini, dada?"

"Majani na maji. Si ulisema mnainyima? Na mimi nainyima."

Mama Visahani alivuta kiti. Akakaa karibu naye.

"Nilisema nusu," akajibu. "Nilikuwa najigamba. Kesho twende kazini ukaone kwa macho yako, maana mdomo wangu umeshaharibu."

Mkuu wa maabara aliruhusu. Dada alivalishwa koti jeupe, akalikagua mishono, akasema aliyelishona alikuwa na haraka. Kisha akainamia hadubini.

"Hicho kisahani hakijawekwa sukari hata chembe," Mama Visahani akamwambia. "Unaona nini?"

"Vitu vimejishikiza chini. Vichache."

"Ni seli za saratani, na ziko hai. Zimepunguza mwendo, zikatafuta chakula kingine. Na hapo ni kwenye kisahani, ninapotawala mimi. Mwilini ukiacha kula, ini lako linatengeneza sukari lenyewe, na nyama ya mwili wako inayeyushwa ipatikane ya kutengenezea. Uvimbe unaendelea kula. Anayelala njaa ni wewe."

Dada aliinua kichwa. "Na hiyo dawa yenu?"

"Inamfuata mlafi mwenyewe, inambana koo. Jiko la nyumba nzima, yaani seli nyingine za mwili, haliguswi sana. Lakini peke yake nayo haitoshi." Akabadilisha kisahani. "Hiki tulikitia dawa yetu. Siku ya pili, seli zikiwa zimelegea, tukaongeza ile unayopewa wewe hospitali."

Dada alitazama kwa muda mrefu. "Hapa naona takataka tu zinaelea."

"Ndizo hizo. Zimekufa karibu zote."

"Nani aliwaza kuzisubiri zilegee?"

"Mimi. Niliona kila siku ya pili zinasinyaa, nikamwambia mkuu tuzipige hapo hapo."

"Basi hapo jigambe, nakuruhusu. Nipe na mimi."

"Bado, dada. Baada ya visahani ni panya, halafu ndiyo watu, na inaweza kuchukua miaka. Dawa yako unayo tayari. Inakungoja upate nguvu."

Mchana huo, kwenye mkahawa wa wafanyakazi, fundi cherehani alimaliza sahani nzima ya wali akaomba kuongezwa. Alikula hivyo kila siku, binti yake akimsimamia. Mwezi haukuisha kabla hospitali hawajamrudishia dozi. Alizimaliza zote, akafanyiwa upasuaji, na huu ni mwaka wa pili vipimo havioni kitu.

Maabara nako hawakukaa bure. Jina la Mama Visahani liliandikwa la tatu kwenye ripoti ya utafiti. Panya wa kundi la kwanza walipewa dawa hizo mbili kwa mpangilio ule ule wake, na uvimbe ukapungua kwa zaidi ya nusu. Mkuu ameshaandika ombi la kuanza kuzijaribu kwa wagonjwa wachache. Dada humpigia Mama Visahani simu kila Ijumaa kuuliza ombi limefikia wapi, naye humjibu bila wasiwasi, "Linasomwa. Tutafika."